Kifaranga wa Matuta ya Carrow

Jumatano, 23 Novemba

Leo Dane katoka chumbani kabla ya adhuhuri! Kanywa chai jikoni. Kasimama, mgongo kwangu, lakini kanywa.

Kerryn wa hifadhi ndiye aliyemtoa. Kaja na pikapu imejaa vibao na kamba, kaegesha juu ya majani yangu kama kawaida yake, kaita kwa sauti ya kuitia mbwa:

"Glenys! Una kazi?"

Nikamwambia nimestaafu.

"Basi nafasi unayo."

Vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani, wametaga ufukweni Carrow, chini ya tuta la kwanza, pale pale watu wanapopita kwenda kuogelea. Likizo inakuja. Wageni watamiminika na mbwa zao. Anataka watu wa kukaa pale Jumamosi na Jumapili, mbali kidogo na kiota, wawaombe wapitaji wapite upande wa maji. Ndiyo kazi yote. Kukaa na kusema tafadhali.

Nikasema tutakuja. *Tuta*kuja! Mimi na Dane, na sikumwuliza. Alikuwa mlangoni, soksi moja mkononi.

"Mama, mimi si yaya wa ndege."

"Hakuna aliyekwambia uwanyonyeshe."

Hakucheka. Ila hakurudi chumbani papo hapo.

Tangu Julai hajashika usukani. Hajarudi karakana. Yeye na rafiki yake Jarrod walikuwa wanatoka kwenye mechi, jua linazama, kangaruu akaruka kutoka vichakani. Gari likaacha barabara, likaingia mtini. Polisi walisema hakulewa, hakukimbiza gari, hakuna ambacho dereva mwingine angefanya. Jarrod alikufa. Dane alitoka na mkono uliovunjika. Mkono umepona.

Mchana hatembei mjini. Mji wenyewe huu — ukipiga chafya posta, wa bucha anakuombea afya. Anaogopa kukutana na watu. Na zaidi ya wote, mtu mmoja.

Jumamosi, 26 Novemba

Tumekwenda. Mimi nimeendesha, yeye kaangalia magoti yake njia nzima.

Upepo wa kusini, mchanga unauma vifundo vya miguu. Emu, yule ndege mrefu kama mbuni, kapita asubuhi, nyayo zake ziko wazi juu ya tuta kama mtu aliyepiga mihuri. Kerryn alishazungusha kamba na kuweka kibao.

"Mnayaona?" katuuliza.

Mchanga. Makombe. Mwani uliokauka. Hakuna kitu.

"Angalieni tena."

Dane ndiye aliyeona. "Yale pale." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama tuko kanisani.

Mayai mawili. Rangi ya mchanga, madoa kama ya pilipili manga, juu ya mchanga mtupu! Hakuna kijiti wala unyasi. Kishimo tu, kama mtu kakanyaga kwa kisigino.

"Hiki ndicho kiota?"

"Ndicho hicho."

"Hawa ndege ni wapumbavu."

"Hukosei sana," Kerryn kasema.

Mwenye kiota katoka vichakani kututazama. Kichwa cheusi, ukosi mweupe, pete nyekundu kuzunguka jicho kana kwamba kakesha. Ghafla kaanguka! Kaburuta bawa, kajikokota mchangani huku analia. Dane kasimama.

"Kaumia!"

"Anaigiza. Anataka umfuate yeye, uyasahau mayai."

Dane kamwangalia yule ndege akijiburuta mpaka kwenye maji.

"Na akikamatwa?"

"Basi kakamatwa," Kerryn kasema, kaenda kupigilia kibao kingine.

Baadaye mjusi-usingizi, yule mzito asiye na haraka, mnene kama tunda la msonobari lililoanguka, katambaa hadi kwenye kiatu cha Dane, kaegemeza kidevu, kafumba macho. Dane hakusogeza mguu. Tulipoondoka alikuwa anachechemea kwa ganzi.

Jumapili, 27 Novemba

Mvua. Hatukuona mtu. Ndege kakaa juu ya mayai, kalowa chapachapa, hakuinuka. Skonzi zetu zimelowa pia. Dane kala mbili!

Alhamisi, 1 Desemba

Nimekutana na Lorraine dukani, kwenye unga. Au tuseme tumeonana. Kageuza toroli. Gurudumu lake bovu lilipiga kelele hadi mwisho wa safu, duka zima likajua nani anamkimbia nani.

Mama yake Jarrod. Mwenzangu tangu wavulana wetu walipong'atana chekechea. Tuliazimana sukari, gari, ngazi, hata nguo za kwendea harusi. Mume wangu alipofariki, Lorraine alilala sebuleni kwangu mpaka nikamfukuza. Siku ya mazishi ya Jarrod alinishika mkono, akaubana hadi pete ikaniumiza. Tangu siku ile hakuna simu. Mimi nimepiga. Nimeacha ujumbe. Sasa nimeacha kuacha.

Nimefika nyumbani, Dane hayupo.

Nimekimbilia bafuni. Nimekimbilia gereji. Siandiki nilikuwa natafuta nini. Kisha nimeona buti zake hazipo mlangoni, na kofia ya baba yake haipo msumarini.

Nimemkuta Carrow. Katembea kwa miguu, njia ya pwani yote! Kakaa kwenye kiti cha kukunja, pua imeungua na jua.

"Leo si zamu yetu," nimemwambia. Sikutaka aone uso wangu.

"Ndege hawajui siku, Mama."

Jumamosi, 10 Desemba

Wageni wameanza. Jibaba moja kutoka jijini, kaptura mpya, mbwa mkubwa hana kamba.

Nilikuwa nainuka. Dane kanitangulia.

"Samahani, bwana. Mfunge mbwa, tafadhali. Kuna kiota."

"Mbwa wangu hamgusi mtu."

"Simzungumzii mtu."

"Kiota kiko wapi? Mbona mimi sikioni?"

"Na yeye hatakiona mpaka akikanyage."

"Wewe nani, polisi wa mchanga?"

Dane kafikiri kidogo. "Ndiyo."

Mke wa yule bwana kaangua kicheko hadi kashika magoti. "Mfunge mbwa, Graham! Kijana kakuomba kwa adabu, wewe unamletea mdomo." Mbwa kafungwa. Mchana yule mama karudi peke yake na mfuko wa cheri, kaomba darubini. Dane kamwonyesha ndege wanavyopokezana — mume anakuja mbio na vijiguu vyake vifupi, mke anainuka, anajinyoosha, anaondoka bila hata kwaheri. "Kama mimi na Graham," mama kasema.

Nimecheka njia nzima ya kurudi. Polisi wa mchanga! Dane naye kacheka. Puani tu. Ila nimesikia.

Jumatano, 14 Desemba

Wametangaza upepo mkali na maji makubwa kesho alfajiri. Dane kampigia Kerryn mwenyewe — kashika simu, kapiga, kaongea! — na kumwambia tuyahamishe mayai.

Kerryn kakataa. Hairuhusiwi kuyagusa. Ukiyasogeza, ndege wenyewe wanaweza kuyasusa. Ila kapata ruhusa ya kuweka magunia ya mchanga upande wa bahari, mafupi, yasiwazibe ndege wasione.

Tumejaza mchana kutwa. Mimi nashika mdomo wa gunia, Dane anapiga beleshi. Mwanzo alikwenda taratibu kwa ajili ya mkono. Kisha akasahau mkono. Alichimba kama mtu anayefukua mtu. Nikamwambia pumzika, mwanangu. Hakunisikia. Kerryn akanigusa bega: mwache.

Kila gunia tumelilaza kwa zamu, kidogo kidogo, tukirudi nyuma ndege akalie mayai yake yasije yakapoa. Kila tulipokaribia aliondoka akilia na bawa lake la uongo. Dane alikuwa anamwambia, "Najua. Najua. Tunamaliza sasa hivi."

Kalala mezani, kichwa karibu na sahani. Nimemfunika koti.

Alhamisi, 15 Desemba

Tumefika kulipopambazuka. Bahari ilifika. Imelamba ukuta wetu, imepanda juu yake upande wa magharibi, imepita.

Yai moja limebaki.

Dane kapiga magoti nje ya kamba. "Upande ule ungehitaji magunia mawili zaidi."

"Bila magunia yangekwenda yote," Kerryn kamwambia.

"Niliona pale ni pafupi. Niliona, Kerryn, nikasema patatosha."

"Dane. Ni bahari."

"Lilikuwa mikononi mwangu!"

Katoa ukelele ambao sijausikia hata hospitali. Shakwe wameruka wote. Kerryn kanitazama, mimi nikamtazama, na hakuna kati yetu aliyedhani ni yai linaloliliwa.

Ndege karudi. Kazunguka mahali palipokuwa na mayai mawili. Kazunguka tena. Kainama, kalisogeza lile lililobaki kwa mdomo, kajitikisa manyoya ya tumbo, kakaa.

Dane kaangalia kwa muda mrefu. "Kalikalia tu," kasema. "Basi hivyo. Kalikalia."

Nimekwenda nyuma ya tuta kulia peke yangu. Kangaruu mdogo alikuwa pale, anatafuna, kanikazia macho mpaka nikamaliza.

Alhamisi, 22 Desemba

Katotolewa!!

Dane kanipigia kutoka Carrow, maneno hayaeleweki, nikadhani kuna ajali, nikaendesha na ndala za bafuni. Kumbe furaha. Nilikuwa nimesahau furaha yake inavyosikika.

Kifaranga ni kipande cha pamba chenye miguu ya njiti. Hajakauka vizuri na tayari anakimbia! Wazazi hawamlishi, anajitafutia mwenyewe tangu siku ya kwanza. Wanachoweza ni kumwita akiwa hatarini na kumfunika akipata baridi. Kaanguka kwenye unyayo wa Kerryn, hawezi kutoka, kapiga kelele. Baba mtu kaja mbio, kasimama ukingoni, kamwita, kamwita, mpaka katoka mwenyewe.

Tumekaa. Kerryn kaondoka kuleta kibanda cha mbao cha kumkinga na jua. Tulikuwa wawili. Dane macho kwenye darubini, na darubini ikabaki machoni alipoanza kusema.

"Alikuwa anaongea, Mama."

Nimeuliza nani, kama mjinga.

"Jarrod. Wote wanadhani alikufa hapo hapo. Mimi niliwaacha wadhani hivyo. Aliongea mpaka karibu gari la wagonjwa lifike. Nilikuwa nimemshika kichwa."

Sikusogea. Nilihofu nikisogea atanyamaza.

"Hakusema anaumia. Kasema ana baridi kidogo. Halafu kauliza soseji yake iko wapi. Ile aliyonunua kituo cha mafuta. Kasema, 'Dane, usije ukaila, nakujua.' Nikamwambia siili. Akasema, 'Apa.' Nikaapa. Akacheka." Kashusha darubini. "Basi. Ndiyo ya mwisho. Nitakwendaje kwa mama yake, Mama? Kila mtu anataka mwanawe afe na neno. Nimpelekee soseji?"

Nimefunika mdomo. Nilikuwa nalia na nilikuwa nacheka, maana ni yeye! Ni Jarrod mtupu, yule mtoto aliyeficha keki za sherehe ndani ya shati.

"Ipeleke," nimemwambia.

"Siwezi. Nimefika kwenye geti lake mara nyingi tu. Siwezi."

Kifaranga kaingia chini ya bawa la mama yake. Zimebaki nje njiti mbili.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Kamba wa kuchoma, joto la kuua. Dane kampelekea Kerryn sahani matutani. Kaosha vyombo bila kuambiwa.

Jumatatu, 26 Desemba

Nimekwenda kwa Lorraine. Nimebeba pudini kama ngao.

Kafungua mlango. Kapungua, shingo imekuwa ya kuku. Nyuma yake mbwa wa Jarrod, yule mwenye jicho moja, kanitikisia mkia.

"Pudini yako haiivi katikati," kasema. "Tangu zamani."

"Najua. Unaila hivyo hivyo."

Hakunikaribisha ndani. Hakufunga mlango pia. Tumesimama.

"Sijakukasirikia, Glen. Nataka ujue. Nikikuona wewe namwona Dane. Nikimwona Dane, naangalia nyuma yake nani anafuata. Wale hawakuwahi kuingia mahali mmoja mmoja." Kabana midomo. "Naangalia kila mara. Nimechoka kuangalia."

Nikasema nimeelewa. Nikasema Dane yuko Carrow kila siku, analinda ndege.

"Ndege? Dane? Yule aliyenikaangia samaki na matumbo yake?"

"Huyo huyo."

Kidogo acheke. Kisha likaja swali alilokuwa amelikalia miezi yote.

"Alikuwa peke yake, Glen? Dane alikuwa kazimia, au... Polisi hawakunieleza. Sikuuliza. Mwanangu alikuwa peke yake?"

Ulimi umeniwasha! Ningeweza kumjibu pale pale mlangoni, kwa neno moja. Lakini habari ile haikuwa yangu. Mtu aliyeishika kichwani tangu Julai yuko mchangani, na kama nikiitoa mimi, atabaki na nini cha kumpelekea?

"Muulize yeye," nimesema. "Ana la kukwambia. Lorraine, nakuomba, muulize."

Kaufunga mlango taratibu. Pudini kaichukua.

Sijui kama nimefanya vema. Nimemnyima mama jibu lake.

Jumatano, 4 Januari

Joto la tanuri. Kifaranga haonekani tangu asubuhi. Mbweha kapita karibu na kamba, Kerryn kaonyesha nyayo. Wazazi wanakimbia huku na huku. Dane hakula, hakukaa.

Jioni joto lilipovunjika kitu kimetoka chini ya kibanda cha mbao, kimenyoosha mguu mmoja, kama mwenye hoteli. Alikuwa humo kutwa nzima! Dane kamtukana tusi ambalo siliandiki. Kisha kalala chali mchangani, kofia usoni, kifua kinapanda na kushuka.

Sijamwambia kuhusu Lorraine. Hajaja. Kila gari linaloegesha, nageuka.

Jumamosi, 14 Januari

Naandika kwenye gari, juu kwenye maegesho. Siwezi kungoja nifike nyumbani.

Kifaranga si kifaranga tena, ni kijana. Manyoya ya kweli, shingo ndefu, jeuri. Asubuhi nzima anakimbia juu ya mchanga mgumu na kupiga mabawa. Anapaa kimo cha sahani, anaanguka na kidevu. Bado hajaruka. Dane anasema ni wiki hii au ijayo. Juzi mwenye karakana kampigia, kamwuliza anarudi lini. Kamjibu: "Akisharuka."

Nilikuja kuchukua chai. Nimefungua mlango wa nyuma, na Lorraine yuko pembeni yangu. Sikusikia hata gari. Kavaa nguo nzuri, viatu vya kanisani, mkoba kakumbatia tumboni.

"Yuko wapi?"

Nimeonyesha. Kofia moja chini kabisa, karibu na kamba.

"Akiniona atakimbia?"

"Hawezi. Yuko kazini."

Kavuta pumzi. "Usije, Glen. Usije kwanza."

Kashuka tuta na viatu vile, mchanga unamla hadi vifundoni. Nusu ya njia kavivua, kavibeba.

Dane kamwona. Nimeona mabega yake yalivyofanya. Kasimama, kaangalia kushoto, kaangalia kulia, nikasema moyoni, mwanangu, usije ukathubutu. Na wakati huo huo yule kijana wa kitwitwi kaamua kukatiza, kichwa chini, mbio, katikati yao. Dane kanyoosha mkono kama anavyowafanyia wageni wote: ngoja, pita upande wa maji. Mazoea tu! Kamwambia Lorraine apite upande wa maji!

Na Lorraine katii. Kazunguka hadi kwenye maji, gauni limelowa pindo, kaja kwa nyuma.

Hawakukumbatiana. Wamesimama. Kisha Dane kamkunjulia kiti, Lorraine kakataa, kakaa mchangani na gauni lake zuri. Dane naye kakaa. Wameachiana nafasi ya mtu mmoja katikati.

Upepo unavuma kutoka kwangu kwenda kwao, sisikii kitu. Ndege wametulia. Lorraine kasema kitu, kifupi. Najua ni swali gani.

Dane anaongea. Anaangalia bahari, anaongea. Sasa mikono imeanza, anaonyesha — kichwa, hivi, magotini kwake. Lorraine kamgeuzia sikio, kajiinamia, kama anayeogopa upepo usije ukamwibia hata neno moja.

Sasa kanyanyua kiganja. Kamsimamisha.

Bado kiganja kiko juu. Hamwangalii. Anataka dakika, au hataki zaidi, siwezi kujua kutoka huku, na Dane kamgeukia, mdomo wazi, anangoja aruhusiwe kumalizia. Kiganja kimeshuka, na Lorraine kamwitikia kwa kichwa: endelea.